PEDALI YA FRENI INADUNDA: TUPIME KWANZA, TUNUNUE BAADAYE



Mwezi huu tunazungumza juu ya gari. Wengine watasema: "Sisi hatuna gari, hayo yanatuhusu nini?" Yanatuhusu sana. Mgonjwa akipelekwa hospitali Gisenyi, mtoto akienda shule ya bweni, mama akienda sokoni Mahoko na mzigo wake, mara nyingi anapanda minibasi ya zamani. Hapa Rwanda watu wameibatiza jina la twegerane, maana yake tusogeleane, na aliyewahi kubanwa kwenye kiti cha nyuma anajua kwa nini. Nyingi ni Toyota HiAce, na zile za umbo la zamani tunalolijua sana zilianza kutengenezwa mwaka 1989. Ni gari ngumu, lakini umri ni umri. Tena ziko familia na vikundi vya likelemba vilivyochanga pesa kidogo kidogo mpaka vikapata gari kama hilo. Likiharibika, ni chakula cha nyumba nyingi kinachosimama.

Swali linalosikika sana kwa mashoferi na wenye magari ni hili: "Nikikanyaga freni, pedali inanidunda chini ya mguu kama moyo unaopiga. Inapanda, inashuka, inapanda, inashuka. Fundi anasema diski zimepinda, ninunue mpya. Ni kweli?"

Jibu letu ni fupi: usinunue kitu mpaka kipimwe. Alama hiyo moja ina vyanzo kadhaa, na dawa ya kimoja si dawa ya kingine. Anayebahatisha hulipa mara mbili, na mara nyingine anarudi barabarani na ugonjwa uleule. Hebu tuende hatua kwa hatua.

KWANZA, PEDALI INADUNDA KWA NINI?

Katika HiAce nyingi za zamani, magurudumu ya mbele yana diski na ya nyuma yana ngoma, zile mafundi wa Goma wanaziita tamburi. Ukikanyaga pedali, mafuta ya freni yanasukumwa kwenye mirija mpaka kwenye kila gurudumu. Mbele, mafuta hayo yanasukuma pistoni ndani ya etriye, nayo inabana diski kwa plakete mbili, moja upande huu na nyingine upande ule. Nyuma, mafuta yanapanua viatu viwili vya freni vinavyosugua ngoma kwa ndani.

Sasa fikirini diski ambayo unene wake haulingani. Sehemu nene ikipita katikati ya plakete, inazisukuma nje. Plakete zinasukuma pistoni, pistoni inasukuma mafuta, na mafuta yanarudi kuusukuma mguu wako. Sehemu nyembamba ikipita, mguu unazama kidogo. Gurudumu likizunguka, mchezo huo unajirudia. Ndiyo maana ya kule kudunda.

Tofauti yenyewe ni ndogo mno, jicho haliioni. Milimita 0.02, yaani sehemu mbili za mia za milimita moja, inaweza kutosha mguu uisikie. Kwa hiyo fundi akiitazama diski kwa macho tu na kusema "hii nzuri" au "hii mbaya", bado hajapima.

Jambo jingine la kukumbuka: mdundo unaotoka kwenye diski au ngoma unafuata mwendo wa gurudumu. HiAce ikienda kilomita 36 kwa saa, gurudumu lake linazunguka karibu mara tano kwa sekunde. Gari likipunguza mwendo, na midundo inapungua haraka yake, mpaka gari linasimama. Ukisikia hivyo, chanzo kiko kwenye kitu kinachozunguka na gurudumu.

Gari lenye mfumo wa ABS linaweza kutetemesha pedali kwa haraka sana, pamoja na mlio wa kukwaruza, ukikanyaga kwa nguvu kwenye matope au lami yenye maji. Hiyo ni kazi yake, inazuia magurudumu yasikwame. Lakini ikifanya hivyo kwenye barabara kavu kwa kukanyaga kidogo tu, au taa yake ikiwaka, ipelekwe ikaangaliwe. HiAce nyingi za zamani hazina ABS kabisa, basi hapo usiisingizie.

PILI, BARABARA YETU NA JOTO

Sote tunaijua barabara ya kutoka Musanze kuja Gisenyi. Inapita juu kule Mukamira na Bigogwe, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, halafu inateremka, inateremka, mpaka ziwani. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460 hivi. Kwa shoferi ni starehe, injini haichoki. Anayechoka ni freni.

Tufanye hesabu kidogo. HiAce iliyojaa watu na mizigo ina uzito wa karibu kilo 2,700. Ikiteremka mita 500 za kimo, na shoferi akiacha kazi yote ya kuizuia kwa freni peke yake, joto linalozaliwa kwenye diski na ngoma linatosha kuchemsha maji ya karibu madumu mawili ya lita 20. Akina mama mnajua kuni ngapi zinahitajika kuchemsha madumu mawili! Moto huo wote unaingia kwenye vyuma vinne vidogo nyuma ya magurudumu.

Joto peke yake si adui, diski zimetengenezwa kulivumilia. Matatizo yanaanza joto likikutana na kazi mbaya ya gereji au desturi mbaya ya shoferi. Hapo tunafika kwenye vyanzo.

TATU, VYANZO VITANO

1. Diski iliyofungwa vibaya. Hiki ndicho chanzo kinachosahauliwa kuliko vyote. Diski inakaa juu ya habu, ambayo mafundi wengine wanaiita muaye. Kutu au mchanga ukibaki katikati, hata kidogo kama ganda la kitunguu, diski inakaa upande. Siku ya kwanza huhisi kitu. Lakini kila mzunguko, sehemu moja ya diski inagusa plakete hata kama hujakanyaga freni, na inaliwa kidogo kidogo. Baada ya kilomita elfu kadhaa unene haulingani tena, na pedali inaanza kudunda. Mwenye gari anasema: "Diski hizi mpya ni feki." Kumbe zilianza kuharibika siku ya kufungwa.

2. Nati za gurudumu zilizokazwa ovyo. Kijana anapanda juu ya spana kwa miguu miwili, nati moja inakazwa kupita kiasi, ya pili yake inabaki legevu. Gurudumu linaivuta diski upande. Matokeo ni yaleyale ya namba moja.

3. Madoa ya plakete kwenye diski. Umeteremka mlima, freni ni moto kabisa, unafika chini unasimama na kubana pedali kwa nguvu. Plakete inaacha unga wake umeganda mahali pamoja, kama chapa. Mahali hapo panashika tofauti na pengine. Watu wengi wanasema "diski imepinda kwa joto", lakini mara nyingi haikupinda, imepata doa au imeliwa vibaya.

4. Ngoma ya nyuma iliyopoteza duara. Ngoma ikiwa moto inapanuka. Ukivuta breki ya mkono kwa nguvu saa hiyohiyo, viatu vinabana ndani yake, nayo ikipoa inajikunja juu yao. Inaweza kugeuka kuwa na umbo la yai. Kwa sababu mafuta ya freni yanaunganisha nyuma na pedali, mdundo utausikia mguuni.

5. Beringi ya gurudumu iliyolegea, au rulema kama wengi tunavyosema. Gurudumu likicheza, diski nayo inacheza. Hapa hatari ni zaidi ya kudunda, maana beringi iliyochoka ikiachwa inaweza kuharibu habu na gurudumu lisikae imara.

NNE, JARIBIO LA BARABARANI

Kabla ya jaribio lolote, fungua boneti uangalie mafuta ya freni. Kama yamepungua chini ya alama, kama kuna unyevu ndani ya magurudumu, kama pedali ni laini kama sifongo au inazama polepole mpaka chini, hapana kwenda barabarani. Huo ni ugonjwa mwingine, mbaya zaidi. Vilevile ukisikia chuma kusaga chuma, au gari kuvutwa upande mmoja ukifunga freni, liache limesimama na umwite fundi aje.

Kama hayo hayapo, tafuta barabara tambarare, isiyo na watu. Abiria washuke, watoto wakae mbali. Jaribio halifanyiki mteremkoni.

Hatua ya kwanza: nenda kilomita 50 kwa saa, kisha kanyaga freni taratibu mpaka 20. Pamoja na pedali, usukani unatetemeka mikononi? Anza kushuku magurudumu ya mbele. Usukani umetulia lakini kiti na sakafu vinatikisika? Anza kushuku nyuma.

Hatua ya pili, kwa gari ambalo breki yake ya mkono inashika ngoma za nyuma, kama HiAce nyingi za zamani: nenda kilomita 30 kwa saa, usiguse pedali. Shika mpini wa breki ya mkono, kifungo chake kikiwa kimebonyezwa ili uweze kuachia mara moja, uvute polepole. Gari likitetemeka kwa mapigo yaleyale, ngoma ndizo za kuangaliwa. Likipungua mwendo kwa utulivu, rudi mbele. Usivute ghafla, magurudumu ya nyuma yatakwama na gari litateleza.

Hatua ya tatu: nenda mwendo uleule bila kugusa freni yoyote. Usukani bado unatetemeka? Basi huenda si freni, ni tairi lisilosawazishwa, rimu iliyopinda, au viungo vya usukani. Wengi wamenunua diski kwa ajili ya ugonjwa wa tairi.

Andika ulichosikia kwenye karatasi: mwendo gani, mahali gani, freni zikiwa baridi au moto. Karatasi hiyo mpe fundi. Inamsaidia kuliko kumwambia tu "inadunda".

TANO, GEREJINI

Gari linapoinuliwa, lisimame juu ya vigingi vya chuma. Jeki peke yake, au kriki kama mlivyozoea kuiita, haitoshi, na mawe hayafai kabisa. Mtu anaingia chini ya gari akiwa na watoto nyumbani. Magurudumu yaliyobaki chini yawekewe kabari.

Fundi aanze na beringi. Ashike gurudumu juu na chini, alitikise. Likicheza, beringi irekebishwe au ibadilishwe kwanza, maana kupima diski juu ya beringi iliyolegea ni kupima uongo.

Kisha gurudumu litolewe na diski itazamwe. Rangi ya bluu inaonyesha ilipata moto sana. Madoa meusi yanaonyesha unga wa plakete. Mifereji unaitambua kwa ukucha. Ufa mrefu, au ufa uliofika ukingoni, maana yake diski hiyo imekwisha, isipimwe tena, ibadilishwe.

Sasa ndiyo kupima kwenyewe. Unene wa diski unapimwa kwa mikrometa, mahali nane kuizunguka, umbali uleule kutoka ukingoni. Fundi aandike namba zote nane. Tofauti kati ya kubwa na ndogo ikipita milimita 0.02, tumempata mwizi. Pia alinganishe na unene wa chini kabisa unaoruhusiwa, ambao kwa kawaida umechorwa kwenye diski yenyewe. Chini ya hapo, hakuna cha kuokoa.

Kipimo cha pili ni cha kuyumba. Diski inabanwa kwa nati zake, kisha komparateri, ile saa ya kupimia yenye sindano, inawekwa iguse uso wa diski karibu na ukingo. Diski inazungushwa polepole mzunguko mmoja. Watengenezaji wengi wanaweka mpaka kati ya milimita 0.05 na 0.1, na kitabu cha gari lako kina namba yake. Sindano ikipita mpaka huo, diski itolewe, habu isafishwe, diski irudishwe ikiwa imegeuzwa nusu duara, ipimwe tena. Sehemu inayoyumba ikihama pamoja na diski, kosa liko kwenye diski. Ikibaki palepale kwenye habu, kosa ni la habu, na hata ukinunua diski kumi mpya zitaliwa zote.

Nyuma, ngoma inapimwa kipenyo cha ndani mahali pawili au patatu. Namba zikitofautiana wazi, imepoteza duara. Kipenyo kikubwa kinachoruhusiwa nacho mara nyingi kimeandikwa kwenye ngoma. Vumbi la humo ndani lisipulizwe kwa mdomo wala kwa hewa ya kompresa, lifutwe kwa kitambaa chenye maji. Plakete na viatu vingine vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake linaua mapafu kwa miaka mingi bila kupiga hodi.

"Lakini fundi wetu hana mikrometa wala komparateri!" Tunajua. Gereji nyingi ndogo hazina. Yako mambo mawili ya kufanya. La kwanza, diski inaweza kutolewa na kupelekwa kwa fundi mwenye mashine ya kuchonga vyuma, huyo hakosi vipimo. La pili, gari linapopita ukaguzi wa polisi, ile kontrole tekiniki, freni zinajaribiwa juu ya mitungi inayozungusha magurudumu. Ombeni kwa heshima kuelezwa matokeo ya kila gurudumu. Nguvu ikiwa inapanda na kushuka gurudumu likizunguka, gurudumu hilo limejitaja lenyewe. Ila karatasi ya ukaguzi isitulaze usingizi: diski inaweza kuanza kuliwa wiki moja baada ya ukaguzi.

SITA, DAWA YA KILA UGONJWA

Kama chanzo ni uchafu wa habu au nati, dawa ni brashi ya waya, kitambaa na uvumilivu. Habu isuguliwe mpaka chuma king'ae, diski irudishwe, nati zikazwe kwa zamu za kuvukana kama kuchora nyota, mara ya kwanza kidogo, mara ya pili kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Ipo spana maalumu ya kupima nguvu hiyo, kle dinamometriki. Baada ya kilomita 50 hadi 100 nati ziangaliwe tena. Lakini diski iliyokwisha kuliwa haitapona kwa kusafisha tu.

Kama ni madoa mepesi, yanaweza kutoka kwa kusugua diski na plakete kwa msasa, halafu kuzoeza freni upya. Madoa mazito hurudi, hapo ni kuchonga au kubadilisha.

Kama unene haulingani lakini diski bado ni nene, inaweza kuchongwa kwa mashine, mradi ibaki juu ya ule unene wa chini. Kama haitabaki, nunua mpya. Diski, ngoma, plakete na viatu hubadilishwa kulia na kushoto pamoja. Ukibadilisha upande mmoja, gari litavutwa upande siku ya freni ya ghafla. Na plakete mpya tu juu ya diski mbovu si dawa: wiki mbili za amani, halafu mdundo unarudi.

Freni mpya zinafundishwa kazi. Kwenye barabara tambarare, punguza mwendo kutoka 50 hadi 15, taratibu, bila kusimama kabisa, uendelee kidogo zipoe, urudie mara kumi hivi. Hapo plakete inaacha ngozi nyembamba iliyo sawa kwenye diski yote.

Tuchukue mfano. Kikundi cha watu kumi na wawili kina HiAce moja. Pedali inadunda. Wanabadilisha plakete, inatulia, inarudi. Wanachanga tena, wananunua diski mbili, inatulia miezi mitatu, inarudi. Sasa wanaanza kushukiana: shoferi anaendesha vibaya, mweka hazina amenunua feki, fundi ametuibia. Likelemba inavunjika. Na kumbe tatizo lote lilikuwa ganda la kutu kwenye habu, kazi ya nusu saa na brashi. Ndiyo maana tunasema kipimo kinalinda pesa, na kinalinda pia undugu. Namba ikiandikwa kwenye daftari la kikundi, hakuna wa kumnyoshea mwenzake kidole.

Mnapokwenda kwa fundi, muulizeni kwa adabu: "Fundi, ulipima nini? Ulipata ngapi? Vipuri vya zamani viko wapi tuvione?" Fundi mwema hakasiriki. Anafurahi kupata mteja anayeelewa.

SABA, KWA MASHOFERI WETU

Kaka shoferi, njia ya kuzilinda freni ni gia. Kabla mteremko haujaanza, siyo katikati yake, shuka gia. Kama ulipanda mlima kwa gia ya tatu, teremka kwa ya tatu au ya pili. Usizime injini wala kuweka gia huru eti unaokoa mafuta. Injini ikizimwa, usaidizi wa freni unaisha baada ya kukanyaga mara chache, na pedali inakuwa ngumu kama jiwe.

Usiegemeze mguu kwenye pedali kilomita nzima. Kanyaga kwa uthabiti, punguza mwendo, achia zipoe, kanyaga tena. Ukifika chini freni zikiwa moto, usibane pedali mahali pamoja muda mrefu, acha nafasi mbele yako ili gari lisogee kidogo kidogo. Ukiegesha, tumia gia na jiwe au kabari kwenye gurudumu, usivute breki ya mkono kwa hasira juu ya ngoma za moto.

Mafuta ya freni nayo yanazeeka, maana yanavuta unyevu wa hewa. Ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kwenye nyuzi 205 au zaidi, lakini yakishaingia maji yanaweza kuchemka kwenye 140 hivi. Yakichemka mteremkoni, mapovu yanatokea na pedali inazama bila kushika. Kuyabadilisha kila miaka miwili ni bei ndogo kuliko jeneza.

NANE, KWA ABIRIA

Mama aliyebeba mtoto kwenye kiti cha nyuma ana haki ya kujua pia. Kama kila freni inapofungwa sakafu inatetemeka, kama kuna harufu kama ya kitambaa kinachoungua, kama moshi unatoka gurudumuni, au kama shoferi anapiga pedali mara tatu, nne, ndipo gari lipungue, hizo ni alama. Mwambieni kwa upole: "Kaka shoferi, tunaomba usimame kidogo, freni zinanuka." Siyo kumgombeza mbele ya watu, wala kunyamaza kwa aibu. Akikataa na mteremko uko mbele, shukeni. Nauli inapatikana tena. Kukitokea ajali, simu ya dharura nchini Rwanda ni 112, haina malipo.

Na tofauti hii tuikumbuke wote. Pedali inayodunda, ikiwa freni bado zinashika vizuri na hakuna alama nyingine, kwa kawaida inakupa muda wa kwenda gerejini polepole, bila abiria. Pedali inayozama, gari linalovutwa upande, chuma kinachosaga, diski yenye ufa, hizo hazikupi muda. Gari lisimame hapohapo.

MWISHO

Ndugu wasomaji, watu wa pande hizi tunajua thamani ya gari linalotii. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipotapika moto, watu wa Goma walijaa barabara za Gisenyi kwa miguu na kwa magari. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukaamka tena, na safari ikawa ileile. Siku kama hiyo hakuna nafasi ya kutafuta fundi. Gari linatengenezwa siku ya amani.

Kwa hiyo tukate maneno: sikia mdundo, jua ni mbele au nyuma, pima, andika namba, halafu ndipo utoe pesa. Vijana mnaosoma ufundi, kateni ukurasa huu mtie kwenye daftari. Na ninyi wenye vikundi, kabla ya kununua diski nyingine, chungulieni nyuma yake kama habu ni safi.

Tukutane mwezi ujao, tukijaliwa. Safari njema.